Mizabibu ya Padre na Samadi ya Sabiha

Ernesti alikuwa mtu wa dini kupita kiasi, na nusura dini hiyo imrudishe kukata mkonge. Padre alikuwa amemkabidhi mizabibu ya misheni, ng'ambo ya mto Pangani, itoe divai ya misa. Mwaka ule wa 1956 ulikuwa wa mwisho: isipozaa ing'olewe, ipandwe minazi, na Ernesti arudi kuchomwa na miiba.

Aliilea kwa mbolea ya chumvichumvi ya gunia, nyeupe, safi. Majani yalichipua kwa pupa, kisha jua likiwaka yananyauka, maana udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Mkewe Kristina alimwambia atie samadi.

"Divai ya altare ilishwe mavi?" Ernesti alishtuka. "Mungu apishe mbali!"

Lakini mdomo ulimponza. Siku moja alimwambia jirani yake Sabiha, Mzigua mfuga mbuzi, kwamba banda lake linanuka hadi kanisani. Kumbe alimwambia nani! Ernesti alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Kesho yake Sabiha alikuja na mashoga zake, vikapu kichwani, wakiimba, wakamwaga samadi, majivu na makumbi ya nazi yaliyooza kwenye kila shina.

"Haya, Mnyamwezi, nusa vizuri! Ukitaka tuzoe, toa jogoo."

Mtani hakasirikiwi, na uchafu wake hauguswi mpaka ukombolewe. Jogoo Ernesti alikuwa naye, ila alikuwa na mkono wa birika. Akaona heri aibu kuliko kutoa kuku.

Masika yakanyesha. Yeye akaendelea kutia chumvichumvi yake kidogo kidogo, akiziba pua. Siku moja akapiga jembe, likazama kimya. Udongo mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Kiangazi kilipokuja majani hayakunyauka. Zabibu zikaning'inia vichala kwa vichala, na Ernesti akafurahi hadi akaimba, kisha akaingiwa na hofu. Padre akijua zimekula nini, si atazitupa, na yeye pamoja nazo?

Padre akaja, akatia moja mdomoni, akafumba macho.

"Umezipa nini, Ernesti?"

Kumdanganya padre alishindwa. "Chumvichumvi, Padre. Na... na mavi ya mbuzi wa Sabiha. Nisamehe."

Padre akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Bwana wetu alizaliwa zizini, mwanangu. Unadhani palinukia marashi? Mwakani tia vyote viwili, na samadi iwe maradufu."

Maradufu! Ernesti akasukuma mkokoteni wa misheni hadi kwa Sabiha, aliyekuwa barazani na mashoga zake wakisuka ukili.

"Mtani, nimekuja kuomba samadi."

Sabiha akatega sikio. "Sikusikia. Tena hilo jina la kizungumkuti silijui. Sema kama tusemavyo sisi, na majirani wasikie."

Ernesti akavuta pumzi, akapaza sauti kama anayesoma waraka wa mtume: "Naomba mavi!"

Baraza zima likaangua kicheko, na cha Ernesti mwenyewe ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.