Mashati Matatu ya Wifi

Wifi yangu hanipendi, nami simpendi. Hapo tuko ngoma droo. Tatizo ni dumu lake.

Aliolewa na mdogo wangu, akakabidhiwa kaunta ya duka letu la dobi, na haikupita muda akaleta dumu la manukato ya kusuuzia nguo. Maji ya rangi ya waridi, mazito kama shira. Kifuniko kimoja tu kwenye beseni na jengo zima linanukia utadhani majini wanafanya harusi. Wateja wakafurahi. Mimi kifua kikafunga.

Sisemi nilikunja pua. Nasema kifua kinafunga: koo linabana, macho yanachuruzika, kichwa kinagonga, na pumzi naivuta kama mtu anayevuta uji kwa mrija. Daktari alinipa dawa ya kuvuta mdomoni, akaniambia waziwazi kwamba tiba ya kweli ni kukaa mbali na hivyo vitu. Kukaa mbali! Mimi ni mpiga pasi. Nguo yenye manukato ikiwa baridi inaweza kutulia kimya, lakini iguse pasi ya moto, mvuke unapanda moja kwa moja usoni. Uso wa nani? Wangu.

Na kazi nyingine sina. Ile meza ya pasi kwenye chumba cha nyuma ndiyo maisha yangu. Dobi hii tuliianzisha mimi na mdogo wangu, sisi wawili, yeye akifua, mimi nikinyoosha.

Mwanzoni tulielewana. Nguo zangu za kupiga pasi zisuuzwe kwa maji matupu, zile za manukato apige pasi Povu, mfuaji wetu, ambaye pua yake haijui tofauti ya ua na soksi. Kisha Wifi akabadili maneno. Nguo zote zitiwe, na kila mtu apige pasi zinazokuja.

"Wifi, watu siku hizi wananunua harufu," aliniambia.

"Basi wauzie harufu, nguo niachie mimi."

"Wewe huumwi. Ni mambo ya kichwani tu hayo."

"Na kichwani kwako kuna nini? Marashi?"

Povu alicheka, akajifanya anakohoa. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati yetu, anakagua vifungo vya koti ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Ndivyo alivyo. Moto ukiwaka, yeye anatafuta vifungo.

Wifi ndiye aliyeleta wazo la mtihani. Ataniwekea mashati matatu, moja limesuuzwa kwa manukato, mawili kwa maji. Nikilitambua, dumu linarudi lilikotoka. Nikikosea, nikome kulalamika na nipige pasi kama wenzangu, au nimpishe mtu mwingine mezani.

"Umekubali au unaogopa?"

"Niogope shati? Thubutu! Lete."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua, tukakusanyika chumba cha nyuma. Wifi alikuwa amejipulizia marashi tangu utosini, kwa makusudi, nikamwambia asimame mlangoni asinivurugie. Alisonya, lakini akasogea. Mdogo wangu alishakuwa ameijaza maji chupa ya pasi yangu. Chupa ile, isiyoonyesha ndani, inaning'inia juu kwenye ndoano, mrija unashuka mpaka kwenye pasi, na mimi ni mfupi, kwa hiyo kuijaza na kuitundika ni kazi yake kila asubuhi.

Mashati yalikuwa meupe, yamekunjwa sawasawa. Nikayanusa. Yalikuwa baridi, hayakusema kitu.

"Nipige pasi ndiyo nijue," nikasema.

"Piga hata ngoma," Wifi akajibu.

Nikatandika la kwanza. Nikabonyeza, mvuke ukatoka, na kifua kikafunga papo hapo. Nikashukuru Mungu, mnaweza kuamini? Nilishukuru kwa kukabwa. Nikalitenga. Nikatandika la pili ili nimalize kazi kwa heshima, na mvuke wake ukanikaba vilevile. La tatu nililipiga huku machozi yananitoka, naliona shati moja kama mawili.

"Haya, lipi?" Wifi akauliza.

"Yote matatu."

Akapiga makofi kwa furaha. "Povu, umesikia? Yote matatu! Nimetia moja tu, la mwisho hilo! Si nilisema ni kichwani?"

Nilitaka kumjibu, kikohozi kikanikunja. Nikaushika ule mrija nisianguke, ukachomoka, na maji ya chupa yakamwagika juu ya meza, juu ya pasi, sakafuni. Chumba kizima kikanukia. Hata Povu alinusa.

"Ala! Hayo maji yana manukato!" akasema Povu.

Wifi aliingia ndani, akachovya kidole mezani, akanusa. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, niko tayari kumrarua hata kwa pumzi ile ndogo niliyobaki nayo. Lakini alikuwa ameduwaa. Akageuka polepole kwa mume wake.

"Umefanya nini?"

"Nilitia kidogo tu," mdogo wangu akasema.

"Kidogo?"

"Wewe kila siku unaniimbia nimtoe. Na yeye ni dada yangu, nitamwambiaje? Nikaona akishindwa mwenyewe, ataondoka mwenyewe."

"Mimi nilitaka kumshinda!" Wifi alipiga kelele. "Sikutaka kumuua! Unajua kabisa anaumwa, halafu unatia kwenye pasi yake?"

Anajua kabisa. Hilo ndilo lililoniingia. Wifi alikuwa adui kwa sababu hakuniamini. Huyu aliniamini, akaitumia imani yake kunimaliza.

Nilijikokota hadi uani, nikakaa chini, nikavuta dawa yangu. Povu alinifuata na aproni yake imelowa manukato ya dumu, nikamfukuza kwa mkono. Wifi naye akaja mbio, manukato yanamtangulia, nikamfukuza naye. Akabaki kule kizingitini, anapiga mguu chini kwa hasira, hajui hasira ampe nani.

Mdogo wangu akaja, akachuchumaa kando yangu. Hanukii chochote. Tangu utotoni anaoga sabuni ya kipande isiyo na harufu, kwa ajili yangu, hata siku ya ndoa yake. Kwenye jengo lile zima alikuwa mtu pekee niliyeweza kupumua karibu naye, na alijua.

"Dada, nishike nikunyanyue. Mimi sina harufu."

"Ondoka."

"Dada, hao wengine hawawezi kukusogelea."

"Nimesema ondoka. Mwite mkeo."

Hakuinuka, ikabidi nimwite mwenyewe kwa kidole. Wifi alikuja, ananukia kama duka zima.

"Usidhani tumepatana," akasema.

"Nani kasema tumepatana? Nyamaza, vuta."

Nikaziba pua kwa mkono mmoja, nikampa mwingine aninyanyue.