Kuzizima Si Kulala

Maisha yamenitandika tangu sijaota meno, lakini sina kinyongo nayo, tumeshazoeana. Mbwa wangu wa kuvuta sleji, lile gari la theluji lisilo na magurudumu, walishanitoroka wakaniacha katikati ya msitu na kiatu kimoja. Mume wa kwanza aliondoka na jiko. Wa pili aliondoka na wa kwanza, wakaenda kuvua salmoni pamoja, na nasikia wanaelewana sana. Yote hayo nimeyaelewa. Kitu kimoja tu kilinishinda: nilikuwa wapi siku ile barafu ya mto Yukon ilipopasuka chini ya sleji yangu?

Nilizama. Waliponivuta nje moyo ulikuwa unagonga mara moja kisha unasahau. Shangazi yangu Eliza, aliyekuwepo, anasema nilikuwa na rangi ya samaki wa jana. Kisha nikarudi. Kati ya kuzama na kurudi kuna kipande cha muda ambacho sikioni popote kichwani. Si ndoto, si giza. Mlevi akipotea, asubuhi huwa kuna mtu wa kumwambia alionekana wapi. Mimi sikupata wa kuniambia.

Kwa hiyo niliposikia kuwa kituo kimoja hapa Fairbanks, Alaska, kinatafuta watu wazima wenye afya njema na akili pungufu kidogo, wakubali kupozwa mwili mpaka wafanane na wanyama wanaojifukia majira yote ya baridi, nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Mwenye kituo alikuwa Dokta Haugen, mwanamke mrefu mkavu, mzaliwa wa mji huu, anayetembea kama anayechelewa hata akiwa amekaa.

"Velma," aliniambia siku ya kwanza, "safari ya sayari za mbali ni miaka. Watu sita ndani ya chombo chenye nafasi kama jiko lako. Watamaliza chakula, watamaliza hewa, halafu watamalizana wenyewe. Lakini tukiweza kuwazizimisha, moyo uende polepole, mwili ule kidogo sana, ugomvi usiwepo..."

"Dokta, ulikuwa wapi wakati wa ndoa zangu?"

Hakucheka. Alicheka baadaye, akiwa peke yake kwenye korido. Ndivyo alivyo.

Kituo chenyewe kilikuwa gereji ya zamani iliyozibwa vizuri. Upande mmoja kulikuwa na makasha ya kindi wa mashimoni, waliojikunja kama soksi, baridi kama mawe. Upande wa nyuma, ndani ya sanduku kubwa la mbao lililojaa majani makavu, alilala jirani yetu mkubwa. Kipaza sauti kilituletea mkoromo wake mchana kutwa.

"Dubu huyu anazizima bila kupoa sana," Dokta alisema. "Ndiye mwalimu wetu. Dubu..."

"Shh! Dokta, tafadhali."

"Nini tena?"

"Kwetu mwanamke hamtaji mnyama huyo kwa jina lake. Hasa akiwa amelala. Anasikia."

"Amezizima, Velma. Hasikii chochote."

"Una hakika?"

Mtu wa sayansi ukimuuliza kama ana hakika umemwonea. Tangu siku hiyo naye akawa anamwita Jirani.

Tulichaguliwa wawili. Mwenzangu alikuwa Thad, kijana wa Oregon mwenye miguu ya korongo, mkimbiaji wa mbio ndefu, anayekunywa maji ya mboga na kuyasifia. Tungezizima siku chache kila mmoja kwa zamu yake. Baadaye mmoja wetu tu angelala kitanda cha muda mrefu, majira karibu yote ya baridi. Masharti ya Dokta yalikuwa wazi: kitanda hicho atapewa yule ambaye mwili wake utaonyesha kuwa unajua njia ya kurudi. Kindi kila baada ya muda hujipasha moto mwenyewe, bila kuguswa, kisha hushuka tena. Mwili wa binadamu utakaofanya hivyo hata mara moja ndio utakaoaminiwa kwenda mbali.

Nilikitaka kitanda kile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Siku chache zisingenitosha. Nilitaka kurudi kule chini ya barafu, nikae, nitazametazame.

"Mama Velma, kitanda changu hicho," Thad alinichokoza. "Wewe mafuta yako mengi, hutapoa."

"Mwanangu, Jirani pale nyuma ana mafuta na anafanya kazi hii tangu babu zake. Wewe kindi mwenyewe anakuonea huruma."

Thad alitangulia, na masikini akatetemeka mpaka kitanda kikahama. Dawa ya kuzuia mtetemeko haikumkubali. Dokta akampasha moto upesi, akasema atabadilisha dawa amjaribu tena.

Ikaja zamu yangu. Asubuhi ile baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Niliegesha gari kwenye ukuta wa kaskazini, nikachomeka waya wake wa kupasha injini moto kwenye tundu la umeme la ukutani, kama kila mtu wa huku anavyofanya injini isigande. Pembeni ya gari langu ilisimama mashine ya kupoza maji, ikinguruma. Dokta aliiweka nje kwa sababu kelele zake zilimsumbua Jirani. Maji yake yalipita kwenye mipira mpaka ndani, kwenye shuka la vijibomba nililofunikwa.

Nilimpigia shangazi simu kijijini Nulato kabla ya kuvuliwa saa.

"Wanakulaza na yule bwana?" aliuliza.

"Yuko chumba cha nyuma, shangazi."

"Umemsalimia?"

"Nimemsalimia."

"Umemtaja?"

"Sijamtaja."

"Haya. Na usiende mbali."

Nikachomwa sindano. Nikasikia mkoromo mmoja wa Jirani, nikausubiri wa pili.

Wa pili sikuusikia. Nilichosikia ni vifijo. Nilifumbua macho nikaona uso wa Dokta Haugen umelowa machozi, na Thad anarukaruka na ile miguu yake.

"Umerudi mwenyewe!" Dokta alikuwa ananishika mikono. "Hatukukugusa! Joto lilianza kupanda lenyewe, polepole, halafu moyo ukafuata! Velma, kama kindi! Unajisikiaje?"

Nikasema maneno mawili. Wote wakacheka, nikalala.

Nililala usingizi mzito wa mtu aliyetoka kuvuna. Nilipoamka nikala salmoni mkavu, nikalala tena. Nilipoamka mara ya pili nilikuwa mtu maarufu. Dokta alikuwa amekwisha kuwapigia wenzake wa nchi tatu. Kitanda kirefu kilikuwa changu.

"Hongera, Mama Velma," Thad alisema. Alimaanisha, na ndiyo maana niliumia baadaye. "Umenishinda kihalali."

Nikavaa koti nikatoka nje kuvuta hewa, nikajikuta nimekanyaga maji.

Maji, katikati ya majira ya baridi! Upepo wa joto ulikuwa umevuka milima nikiwa nimezizima. Huwa unakuja, mara moja moja, unayeyusha kila kitu na kuondoka bila kuaga. Paa lilikuwa linadondoka. Hewa ilinuka majani. Nikaliendea gari langu, na kwa mazoea nikatazama kitaa chekundu cha waya wake.

Kimezimika.

Hilo lenyewe si ajabu. Tundu za umeme za magari zina kidude kinachohisi hali ya hewa: baridi ikikaza zinajiwasha, ikilegea zinajizima, kusudi umeme usiliwe bure. Kila mtu wa huku anajua. Nikageuka kuondoka. Halafu nikagundua kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yameshaniambia tangu nilipofungua mlango. Kulikuwa kimya.

Mashine ya kupoza maji ilikuwa imelala pembeni ya gari langu. Waya wake mweusi ulishuka ukutani, ukaingia kwenye tundu lililo jirani na langu.

Nikasimama pale maji yananidondokea shingoni. Mtu aliyezaliwa Fairbanks akiona waya na tundu la ukuta wa nje, mkono wake unachomeka wenyewe. Hata mimi ningechomeka pale pale. Tangu baridi ianze hakukuwa na siku ya joto, mashine ilikuwa haijawahi kuzimika. Na kengele ya kitandani ilitegwa ilie kama nitapoa kupita kiasi. Nani angetega kengele ya kupata joto Alaska? Walipoiona mashine imenyamaza baada ya mimi kuzinduka, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeizima.

Kwa hiyo sikurudi mwenyewe. Niliyeyuka, kama theluji ya pale barazani.

Sasa nisikudanganye, nilifikiria kunyamaza. Jioni baridi ingerudi, kitaa kingewaka, mashine ingenguruma, na kitanda kingekuwa changu. Ningekwenda kule chini nikakae. Nikawaza pia watu sita ndani ya kile chombo chenye nafasi kama jiko, mahali ambapo huwezi kumpigia shangazi simu, wakingoja miili yao irudi yenyewe kwa sababu eti wa Velma ulirudi. Na Thad alisema kihalali. Kijana yule angenitukana ningefurahi zaidi.

Nikaingia ndani.

"Dokta," nikasema, "gari lako umelichomeka wapi?"

"Ukuta wa kaskazini. Kwa nini?"

"Lina umeme?"

"Leo? Hali ya hewa hii? Haliwezi kuwa na..."

Akaishia hapo. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha sufuria jikoni. Akatoka mbio bila koti. Tulimsikia huko nje akisema neno ambalo sikujua kama wasomi wanalo.

Aliporudi alikaa chini, mikono magotini. Thad alinitazama.

"Mama Velma, ungenyamaza ungelala majira yote!"

"Usinikumbushe. Nina umri wa kukuzaa na sijawahi kuwa mjinga kiasi hiki."

Dokta aliinuka. Kisha, taratibu, akavuta kiti mpaka kwenye kompyuta, akaanza kupitia mawimbi ya ubongo wangu yaliyorekodiwa, toka mwanzo, mdomo ukichezacheza.

"Joto nimeshalielewa," alisema kama anayejisemea. "Mashine ilizimika, ukapata joto. Basi. Hilo limekufa." Akasogea karibu na kioo. "Lakini hapa je? Velma, ulipofumbua macho ulisema nini?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," Thad alisema. "Ulisema, 'Niacheni nilale.' Tukakucheka. Mtu katoka kulala siku zote zile!"

"Hakutoka kulala." Dokta aligeuka, na macho yake yalikuwa yameanza kuwaka upya. "Tazameni. Hapa joto linarudi. Na papo hapo ubongo unatumbukia kwenye usingizi mzito kabisa, ule wa mtu aliyekesha siku nyingi. Kukatika kwa umeme hakuwezi kufanya hivyo. Kindi hufanya hivyo! Mnajua kwa nini kindi hujipasha moto katikati ya baridi, na kutumia mafuta yake ya thamani? Wengine tunadhani ni ili apate kulala."

"Anaamka ili alale?" niliuliza.

"Anaamka ili alale. Kuzizima si kulala, Velma. Mwili wako haukuhesabu hata saa moja ya usingizi. Ulikaa kule chini ukawa unachoka."

"Kwa hiyo hao wa sayari za mbali..." Thad alianza.

"Watafika wamechoka kama mbwa," nilimalizia. "Wafungue mlango, watazame sayari mpya, waseme niacheni nilale."

Safari hii Dokta alicheka mbele yetu.

Halafu akaniambia lililobaki, na alilisema kwa upole. Kitanda kirefu hakitakuwa changu mwaka huu. Mwili wangu una deni la usingizi asilojua ukubwa wake, na hatanishusha tena mpaka aelewe. Thad ataanza, kwa dawa mpya, na mashine itachomekwa ndani, Jirani apende asipende. Mimi nitasubiri baridi ijayo.

Nilikwenda chumba cha nyuma nikakaa karibu na sanduku, nikasikiliza mkoromo. Mkubwa wewe, nikawaza, kumbe unakoroma na hulali? Au wewe umepata njia ya kufanya yote mawili?

Kisha nikapiga simu Nulato.

"Shangazi, siku ile mliyonitoa mtoni, nilipofumbua macho nilisema nini?"

"Maswali gani haya? Ulisema, 'Niacheni nilale.'"

Nikashika simu kwa mikono miwili. "Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Tukadhani unataka kutufia, tukakuchapa makofi mpaka mjomba wako akateguka kidole. Na ukalala vilevile! Ulilala kwangu mpaka nikawa naweka kioo puani mwako. Kwani vipi?"

"Basi sikuwa nimelala kule, shangazi."

"Nani kasema ulilala? Ulikuwa umekwenda."

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekwenda."

Thad alishuka siku baridi iliporudi sawasawa. Nilishika ncha ya shuka wakati Dokta anatayarisha sindano. Kijana alikuwa mweupe kama karatasi, na mimi wivu ulinitafuna.

"Mama Velma, una neno?"

"Ninalo. Ukifika, tazama chini kama kuna alama za buti zangu. Kushoto soli imekatika."

"Na nikiziona?"

"Zifuate uone zinaelekea wapi, halafu uje uniambie. Kabla hujalala."

Alicheka, kisha akaacha kucheka polepole. Nikatoka nje. Mashine haikuwepo tena ukutani. Kitaa changu chekundu kilikuwa kinawaka. Nikakitazama tena nihakikishe, nikakigusa, ndipo nikaingia garini.