Bahasha Niliyoificha

Katika utafiti wetu, mimi na daktari tulikuwa tunalinganisha kushona majeraha na kuyafunga kwa gundi ya hospitali. Kila mgonjwa alipangiwa njia yake kwa bahasha iliyofungwa, tusije tukamchagulia wenyewe. Ya mama mmoja fundi cherehani, aliyechanika goti, ilisema ashonwe.

"Nguo nashona, mwanangu, lakini ngozi?" akalia.

Nikamwonea huruma. Nikaificha bahasha mfukoni mwa koti, nikafungua nyingine: gundi.

Leo amerudi, kidonda kimeachama.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekanyaga cherehani mapema mno, nimekuharibia kazi."

Daktari akacheka. "Mama, goti na gundi havipikiki chungu kimoja."

Akashika kalamu aandike kwenye matokeo ya utafiti kuwa gundi imeshindwa.

Uso ulinichoma kwa aibu. Nikaitoa ile bahasha ya kwanza, nikaiweka mezani mbele yao wote wawili.