Madaktari wa Kijino

Daktari wa kumi na saba aliingia Jumanne asubuhi, Kijino alipokataa kuvaa viatu. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameuma pini mdomoni akipima kola ya sare ya shule. Alisema bila kuinua kichwa, "Vaa, ama namwita daktari akuchome sindano." Mlango ukafunguka. Daktari alijifuta miguu kwenye kitambaa cha mlangoni, akaenda kusimama ukutani pamoja na wenzake kumi na sita.

Wote walivaa makoti meupe na mikono wameificha mgongoni. Hawakula, hawakusema. Mmoja alikuja kwa ajili ya maziwa yasiyonywewa, mwingine kwa ajili ya kukata kucha, watatu kwa siku moja ya mvua ambayo Kijino alishinda akilia ndani. Fundi alizoea kuwafagilia miguuni. "Sogea kidogo, kaka," alisema, nao walisogea.

Jirani alichungulia dirishani. "Mwenzangu, umefungua hospitali? Niazime mmoja, kiuno kinaniua."

Kijino, wa miaka minne, hakucheka. Alilala gubigubi, mikono ameibana katikati ya mapaja.

Kufikia Jumatano surua ilikuwa imefika mtaa wa pili, na mtoto wa muuza mkaa akazikwa. Kadi ya chanjo ya Kijino ilikuwa na nafasi moja tupu, maana mara mbili walikwenda kliniki wakarudi hajachomwa. Siku ya mwisho ya chanjo ilikuwa Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Fundi alikibeba mgongoni kichanga, mdogo wake Kijino, akamshika Kijino mkono. Madaktari walifuata nyuma kwa mstari, wakiruka madimbwi wasichafue makoti.

Katika chumba cha chanjo walimzunguka Kijino, wakatoa mikono. Kila mmoja alishika sindano ndefu kama mwiko. Muuguzi aliponyoosha mkono kuutafuta mkono wa mtoto, alikuta viwiko vya madaktari tu. Mkojo ulimchuruzika Kijino hadi kwenye viatu.

"Umekuja na wangapi?" muuguzi aliuliza.

"Kumi na saba, sista."

"Afadhali. Jana mmoja alikuja na hamsini, ikabidi tumchomee uani." Alifunika sanduku la baridi. "Mimi siwezi kuwatoa. Hawa wameitwa. Aliyewaita awarudishe mwenyewe, tena kwa ukweli."

Fundi alipiga magoti. "Yule wa maziwa, mwanangu, nilikudanganya. Hakuna anayechomwa kwa sababu ya maziwa."

Daktari mmoja alivua koti, akalikunja, akatoka.

"Wa kucha, nilikudanganya. Nilikuwa na haraka tu."

Akatoka wa pili. Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na foleni ya nje ikaanza kunung'unika. "Huko ndani mnazaa au mnachanja?" mtu alipaza sauti.

Saa sita kasorobo alibaki mmoja. Fundi alimtazama juu hadi chini, asikumbuke alimwitia nini.

"Mmoja naweza kumpita," muuguzi alisema, akainama. "Itauma, mwanangu, sikufichi. Kama kufinywa, halafu inaisha. Utatazama au utafumba macho?"

"Nitatazama."

Iliuma. Kijino alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Kadi ikagongwa muhuri.

Daktari aliyebaki alirudi nao nyumbani.

"Huyu nilimwita lini?" fundi aliuliza.

"Si wako," Kijino alisema. "Wangu. Nilimwita kwa ajili ya mtoto."

"Basi mrudishe. Mwambie mdogo wako ulimdanganya."

Kijino alifikiri. "Bado analia."

Kweli, kichanga kilikuwa kinalia tangu njiani. Daktari alikiinamia pale kitandani, akatoa mkono mmoja mgongoni taratibu. Kichanga kikanyamaza palepale, macho yamekitoka.

Fundi alisimama kitambo mlangoni. Sare thelathini zilingoja kola, na mwenye shule alizitaka kesho. Nyumba ilikuwa kimya, kimya ambacho hakukisikia mwaka mzima. Alimsogezea daktari kiti karibu na kitanda, kisha akaketi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga.