Injinia na Diski Iliyoshiba

Siku hiyo mjinga alikuwa Injinia mwenyewe. Tulimalize hilo mapema, kabla hajaanza kujitetea. Jina la Injinia alibandikwa na mkewe, fundi cherehani, siku alipotengeneza pasi ikazima umeme wa jengo zima.

Asubuhi hiyo mke alikuwa amejikunyata kwenye stuli, maana kochi lilikuwa na mwenyewe, akimalizia mchoro wa gauni la bibi harusi. Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikagoma: diski imejaa. Na mdogo wake alikuwa tayari kwenye duka la kuchapisha, akisubiri kutumiwa.

"Dada, fanya hima!" mdogo mtu akalia kwenye simu. "Hawa wanafunga saa sita. Mchoro usipofika leo, bibi harusi anampa kazi fundi mwingine."

Mke akageukia kochi. "Injinia! Hebu punguza madude yako."

Madude yenyewe yalikuwa kompyuta nyingine, isiyoshikika kwa mkono, aliyoiunda kwa programu ndani ya kompyuta yao ili acheze ile michezo ya mpira ya ujana wake, ambayo mashine za siku hizi zimeikataa. Akainuka, mto na rimoti akaviacha palepale, akaingia humo ndani na kufuta mchezo mmoja baada ya mwingine kwa uchungu wa mtu anayezika. Akamwaga na pipa la taka.

"Haya mama, jimwage."

Mke akabonyeza. Imejaa.

"Basi ni hayo magauni yako," Injinia akasema, kidole kikinyemelea kitufe. "Tufute ya mwaka juzi."

"Gusa uone."

Akauona ule uso, akakirudisha kidole chake taratibu. Alipochungulia vizuri, akakuta faili lililobeba kompyuta yake ya ndani ni nene vilevile, kana kwamba hakufuta kitu. Faili la namna hiyo hunenepa kila ukilitia kitu, lakini ukikitoa halikondi lenyewe. Nafasi iliyoachwa wazi lazima ijazwe sifuri, kompyuta ya ndani izimwe, kisha faili libanwe kwa amri. Alilijua hilo siku nyingi. Utamu wa mpira ndio uliomsahaulisha.

Akajaza sifuri, akazima, akabana. Ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukatambaa kama una kinyongo naye. Hatimaye diski ikapumua. Mchoro ukahifadhiwa, ukatumwa, na kwenye simu shemeji yake akapiga vigelegele hadi wenye duka wakamnyamazisha.

Injinia akavimba kichwa. "Umeona? Mimi sina kosa hata kidogo. Vitu vyangu nilishaviondoa. Mashine ndiyo king'ang'anizi: imebaki tupu, bado imeshikilia nafasi!"

Mke akautazama mto uliojinyoosha kwenye kochi, na rimoti juu yake.

"Imejifunza kwa mwenyewe," akasema. "Sasa bana na kochi, nikae."