Mistari Miwili Kabla ya Chai

Kila asubuhi, birika likishabandikwa jikoni, wifi wa Kimya alifungua friji bovu la koridoni, akachomoa mfuko, akakaa kwenye kigoda na kufuma mistari miwili. Si mmoja, si mitatu. Maji ya vikombe sita yalichukua muda wa mistari miwili kuchemka, na mwanamke yule alikwisha kuyapima kwa sindano zake za kufumia kama wengine wanavyopima kwa saa. Mstari wa pili ukifika ukingoni, birika linaanza kuimba. Anachomeka sindano ndani ya donge la uzi, anainuka, na kuanzia hapo ni viatu vinavyotafutwa, nywele zinazochanwa na mtu anayelia kwamba kijiko chake kimechukuliwa.

Kimya naye alisimama pale pale kila siku, karibu na sinki, akisuuza vikombe vilivyokwisha oshwa tangu jana, ili tu apate kutazama.

Jumatano ile birika liliimba, likapiga kelele, likaanza kurusha matone kwenye moto, na wifi yake hakuinuka. Alikuwa amekwama katikati ya mstari wa kwanza. Aliulaza mfumo wa sweta kwenye paja, akaupima kwa shibiri, akaupima tena.

"Wifi," alisema, "hebu njoo unitazamie. Au ni macho yangu?"

Kimya alizima moto kwanza. Hakuhitaji kutazama. Alijua.

Jina la Kimya alipewa na kaka yake, ambaye alisema ungeweza kusafiri na dada yake siku nzima, ukashuka, usijue sauti yake ikoje. Alipomaliza chuo alikuja kukaa kwa kaka kwa miezi miwili, akitafuta kazi. Kazi aliipata maktaba, kubandika namba kwenye migongo ya vitabu hadi saa saba mchana, na ile miezi miwili ilikuwa sasa imefika mwaka na nusu. Hakuna aliyehesabu. Katika nyumba yenye binti wa miaka kumi na mitatu, mwingine wa miaka minane aliyeitwa Spika kwa sababu hazimiki, na kitinda mimba aliyeitwa Bonge kwa sababu zinazoonekana, mtu mmoja asiyepiga kelele alikuwa neema.

Kaka alikuwa fundi wa majokofu. Friji la koridoni alilileta mwenyewe miaka minne iliyopita, "kwa siku mbili tu," akitafuta kompresa ya kulifufua. Alipogeuka kutafuta kompresa, mkewe alikwisha kulijaza nyuzi. Na ukimuuliza, alikuwa na sababu zake: mpira wa mlango bado unabana vizuri, nondo hawapenyi, panya hawapenyi, na Bonge hana nguvu za kulifungua. Juu, kwenye sehemu ya barafu isiyogandisha tena, zilikaa nyuzi mpya ambazo hazijaguswa. Rafu za katikati zilikuwa za kazi zinazoendelea, kila kazi na mfuko wake. Droo ya mboga ilikuwa ya masalio, na pale pa mayai vilikaa vidonge vidogo kumi na viwili vya uzi wa rangi mbalimbali, kimoja katika kila tundu. Sindano zilisimama mlangoni, mahali pa chupa.

"Nyumba hii," kaka alikuwa akiwaambia wageni, "ukiomba maji ya baridi unaletewa soksi."

Kimya alicheka na wenzake, lakini moyoni alilistahi friji lile. Chuoni alisomeshwa somo zima la kupanga muda na watu wenye vyeti vya kutosha kupamba ukuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya mifuko mitatu. Mfuko wa jikoni ulikuwa na kazi ya kuhesabu, maana alfajiri kichwa bado chepesi. Mfuko wa foleni ulikuwa na kazi ya mikono tu, isiyotaka macho, ya kufuma huku ukisogea na kusema "nani wa mwisho hapa?" Na mfuko wa kazini ulikuwa na vitu vidogo vidogo, kofia na soksi, kwa sababu wifi yake alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya meno na alifumia chini ya meza, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kwa dakika hizo za kuokoteza, watoto wote watatu walivaa sweta zake, kaka alivaa, jirani aliyejifungua alipelekewa blanketi. Mwenyewe alikwenda kazini na sweta la dukani lililotoboka kiwiko.

Tena alijua kuzisoma kazi zake. Alikuwa akilaza sweta mezani na kupitisha kidole, akisimulia. "Hapa daktari alikuwa anang'oa gego, ona nilivyobana. Hapa Bonge ana homa. Hapa ilikuwa sikukuu, nimelegea kidogo." Kidogo tu, maana mkono wake kwa kawaida ulikuwa wa kubana. Shingo za sweta zake zilikuwa maarufu nyumbani. "Mama, masikio!" Spika alipiga yowe kila alipovalishwa. "Yanabaki nje!"

Sasa alikuwa kwenye sweta la binti mkubwa, ambaye Jumamosi angekwenda shule ya bweni, mahali pa baridi ambapo, kwa maelezo ya barua ya shule, kila mwanafunzi aje na sweta zito la rangi ya damu ya mzee. Kifua kilikwisha, mikono ilikwisha. Ulibaki nusu ya mgongo, na shingo.

Na Kimya, Mungu amsamehe, alikuwa ameufuma mgongo ule.

Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa macho, pale sinkini, kisha kwa vidonge vya pale pa mayai: mchana nyumba ikiwa tupu alichukua kimoja, akafuma, akakosea, akafumua, akakizungusha upya na kukirudisha kwenye tundu lake kabla watoto hawajarudi. Miezi minane alifanya hivyo. Aliona aibu kuomba afundishwe, kwa sababu wifi yake hakuwa na dakika hata moja isiyo na mwenyewe. Wiki iliyopita alimwona amesinzia kwenye kigoda, sindano mkononi, mstari wa kwanza haujafika ukingoni. Mchana wa siku ile Kimya aliuchukua mfuko wa jikoni na kuongeza mistari minne. Kesho yake minne tena, na hivyo hivyo kwa siku tano, huku mwenyewe akiongeza miwili yake kila asubuhi. Alidhani uchovu utamfanya mwenye kazi aone imesogea na kushukuru, bila kujua amshukuru nani. Hivyo ndivyo alivyotaka.

"Vitanzi ni vile vile tisini na sita," wifi yake alikuwa akisema. "Nimehesabu. Lakini hapa juu upana umezidi vidole vitatu. Ona, umekuwa kama mgongo wa mbeba mizigo."

"Labda..." Kimya alianza.

"Na sikumbuki. Nasoma hapa, sikumbuki nilikuwa na raha gani ya kulegea namna hii." Alicheka kidogo, kisha cheko likaisha. "Mama alianza hivi hivi, wifi. Mkono ulilegea, tukasema uchovu. Mwaka uliofuata hakuweza kufunga kifungo."

Kimya alifungua mdomo. Spika akaingia mbio akiuliza nani kaficha soksi yake ya kushoto, Bonge akafuata akiwa ameivaa mkononi, na neno likarudi lilikotoka.

Jioni ile walifumua. Binti mkubwa alinyoosha mikono yake miwili mbele, wifi yake akavuta, uzi ukatoka mstari baada ya mstari na kuzungushwa kwenye mikono ya mtoto, bado umejikunja kunja kama tambi. Mistari ishirini na nane. Kimya alikaa pembeni na kuutazama kila mmoja ukitoweka. Hakusikitikia mistari. Alisikitikia uso wa yule aliyekuwa akivuta, jinsi alivyokuwa akisimama kila baada ya muda, anakunja vidole na kuvikunjua, kuvijaribu.

"Mama, litakwisha Jumamosi?" binti aliuliza.

"Litakwisha."

Lakini Alhamisi asubuhi friji halikufunguliwa. Birika lilibandikwa, na wifi yake akakaa kwenye kigoda mikono mitupu juu ya magoti, akiangalia moto. Maji yalichukua muda mrefu sana siku ile. Kimya alisuuza kikombe kimoja mpaka kikawa na joto la mkono wake.

Kaka aliingia akifunga mkanda. "Vipi leo, mama watoto? Mgomo?"

"Baba watoto, ile kompresa ulipata?"

"Ipi?"

"Ya friji la koridoni. Kama umepata, lichukue. Hivyo vitu nitavigawa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mkate umekwisha. "Na mchana nitapita dukani kumtafutia mtoto sweta. Nikikosa la rangi hiyo, kesho nitatafuta tena."

Kaka, ambaye kwa miaka minne alikuwa akilidai friji lake kwa utani, alisimama na mkanda haujafungwa. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, kama mtu anayetaka kuambiwa ni utani gani huu.

"Mimi sina haraka nalo," alisema. "Friji lenyewe limeshazoea sufu. Ukilitia nyanya litashangaa."

Wifi yake aliinuka na kumimina chai.

Kimya alikwenda maktaba na kubandika namba za vitabu vya mapishi kwenye vitabu vya hesabu, kazi ya saa mbili ikabidi ibanduliwe. Njia nzima ya kurudi alijipangia maneno. Wifi, samahani. Wifi, ni mimi. Wifi, mikono yako haina kitu. Yalikuwa maneno mepesi, mtoto angeyasema. Lakini alipomwona wifi yake akiingia jioni bila mfuko wa duka, amekosa ile rangi, amechoka, akauliza tu, "Watoto wamekula?", Kimya alijibu, "Wamekula," na ndiyo ikawa hotuba yake yote.

Ijumaa aliamka wa kwanza. Alibandika birika mwenyewe. Alifungua friji, na mlango ukatoa ile sauti yake ya kubanduka, akachukua mfuko wa jikoni, akakaa kwenye kigoda. Ulimi ukikataa, alifikiri, mikono ina ulimi wake. Akaanza kufuma.

Alisikia ndara zikija na kusimama mlangoni. Hakuinua uso. Masikio yaliwaka moto, lakini vidole viliendelea: ingiza, zungusha, vuta, achia. Ingiza, zungusha, vuta, achia. Vitanzi vyake vilitoka vipana, vimepumua, vimekaa raha mstarehe karibu na vile vilivyobana vya chini yake. Mtu yeyote angeona. Mtu wa kusoma sweta angeona tangu kitanzi cha tatu.

Wifi yake alichutama mbele yake. Alishika ukingo wa mfumo kwa vidole viwili, akautazama kwa muda.

"Kumbe!" alisema taratibu. Kisha kwa nguvu, "Kumbe ni wewe, mwizi wewe!"

Kimya alitikisa kichwa kukubali, macho kwenye sindano.

"Siku mbili nzima nimejiona ajuza! Jana nimempa mgonjwa kadi ya mwenzake, nawaza vidole tu! Nimeshaanza kugawa nyuzi kichwani, hii ya fulani, hii ya fulani. Na wewe umesimama hapo sinkini unasuuza!" Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, akipiga goti la Kimya kwa kiganja. "Nani alikufundisha?"

"Wewe," Kimya alinong'ona.

"Lini?"

Kimya alielekeza kidevu kwenye sinki.

Wifi yake aligeuka kuangalia vile vikombe safi vilivyopangwa, akarudi kumtazama. Akachukua mfumo, akaupitisha kidole, na Kimya akaona anausoma, kama alivyozoea kusoma magego na homa.

"Mkono mzuri," alisema hatimaye. "Umelala sawa. Mwepesi. Ila haukai pamoja na wangu, tukichanganya mtoto atavaa kengele. Huu mgongo niachie, leo daktari hayupo, nitaumaliza kazini na mchana wangu wote. Wewe utafuma shingo."

"Shingo?"

"Shingo nzima, mwanzo mpaka mwisho, usiniachie hata kitanzi. Wewe ndiye utakayeokoa masikio ya watu wa nyumba hii."

"Shangazi anafuma shingo?" Spika alikuwa mlangoni, na nywele zake upande mmoja. Akageuka na kukimbia koridoni. "Baba! Shangazi anafuma shingo! Masikio hayatauma!"

"Mwambie baba yako friji haliendi popote!" mama yake alimfuatishia kwa sauti. Kisha akageuka tena, akapunguza sauti. "Lakini kwa nini hukusema, wifi? Mistari ishirini na nane. Ulikuwa unataka nini?"

Kimya aliangalia donge la uzi. Birika lilikuwa limeanza kuimba, na wifi yake, kama kila asubuhi ya Mungu, aliweka kiganja juu ya goti ili ajiinue.

"Kaa, wifi," Kimya alisema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Koridoni, nyayo za Spika zilisimama.

"Nilitaka siku moja ukute kazi imesogea na hukuisogeza wewe. Unatufumia sote, na hakuna anayekufumia. Likiisha hili la mtoto, linalofuata ni lako, na nitalifuma mimi. Kaa. Chai leo namimina mimi."