Yasipate Unyevu

Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika huwa naandika barua. Barua moja ilimtoa Sadick kazini. Nataka niseme ilivyokuwa kabla sijajitafutia visingizio.

Nilikuwa nasomea kioo. Si cha dirishani, kioo cha volkano: yale mawe mepesi ya mlima Rungwe ambayo kwetu Kisondela watu wanasugulia visigino. Ukiyapiga kwa mwanga wa leza ya kijani, mwanga mwingi unarudi na kijani chake, lakini kiasi kidogo mno kinarudi kimebadilika rangi. Hicho kidogo ndicho kinachosema chembe za ndani zimeshikanaje, na jiwe lilipopoa lilibaki na maji kiasi gani. Maji hujitokeza upande wa kulia wa grafu, kama kichuguu. Tasnifu yangu yote ilitegemea kichuguu hicho.

Mawe niliyachimba likizo, korongoni nyuma ya migomba yetu. Yalikuwa yamelowa, nami nina safari, nikamwachia mama gunia ayatume kwa basi mwezi ukiisha. Nikamsisitiza: "Mama, haya mawe yasipate unyevu hata kidogo."

"Ndaga, asante mwanangu. Nimesikia."

Fundi wa mashine ya leza kwenye maabara yetu Dar es Salaam alikuwa Sadick, mtoto wa Msasani, si ya Dar, ile ya Tukuyu. Tulikuwa wawili tu kutoka kwetu, tukitaniana mchana kutwa. Yeye akiniita mla magimbi, mimi nikimwita Mswahili wa kwenye baridi. Alipima mawe yangu wiki nzima. Kichuguu hakikuwepo.

"Dada Felista," akaniambia, "haya mawe yameonja moto kabla hayajafika kwangu. Uliza nyumbani."

"Nyumbani nani ana leza? Wewe umeongeza nguvu, umeyachoma."

"Leza inachoma kijitundu tu. Nimeyapasua, mpaka katikati ni hivyohivyo."

Alisema kweli, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Mimi nilichosikia ni fundi ananifundisha kazi yangu. Nikamwandikia mkuu wa idara kwamba fundi ameunguza sampuli kwa uzembe. Mkataba wa Sadick haukuongezwa. Mimi niliongezewa mwaka mzima wa ufadhili, nikachukue mawe mengine.

Nilirudi Kisondela mwezi wa Aprili, mvua haikatiki. Nikamkuta mama jikoni, amechuchumaa, anafukua majivu kwa kijiti. Nikadhani ni magimbi. Yalikuwa mawe.

"Nimeanza kukuandalia mengine," akasema kwa furaha. "Si ulisema yasipate unyevu? Mvua hii, ningeyaanika wapi? Yale ya kwanza niliyaweka kichanjani juu ya moto, yakawa bado yanatoa jasho. Nikayafukia kwenye makaa siku tatu, ndipo yakakauka. Yalikusaidia?"

Nimeshagombana na mama kwa mambo ya kipuuzi kabisa, lakini siku ile nilichuchumaa tu kando yake. Kwetu, kitu kisichotakiwa kupata unyevu hupelekwa motoni: mahindi, kuni, hata sare zetu za shule. Nimekulia kwenye jiko lile. Nilijua, nikasahau kwa kujiona msomi.

"Yalisaidia sana, mama."

Kesho yake nikaenda Tukuyu mjini. Sadick ana meza karibu na soko, anabandika vioo vya simu. Nikamweleza yote, nimesimama, mvua inanidondokea mgongoni. Alisikiliza huku anafuta simu ya mteja kwa kitambaa.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Ambao hawajui ni wale wa idarani. Umeshawaambia?"

Nikasema nitawaambia. Nikaongeza, na hadi leo naona aibu, kwamba wakijua sasa hivi ufadhili utakatwa, kwa hiyo anivumilie mpaka nimalize.

Akanyoosha mkono. "Lete simu yako, kioo kimepasuka."

Akaibandika kioo kipya, akabonyeza hewa yote ikatoka pembeni, akakataa hela yangu.

Barua ya kumsafisha niliiandika jioni ileile. Tasnifu nimeshamaliza, nimeshavaa joho, mama amepigiwa vigelegele kanisani. Barua bado imo kwenye simu, chini ya kioo cha Sadick. Sijaituma.